Kadi ya Polisi Niliyoiita Tangazo

Jumatatu, 10 Septemba 2018
Sijamwambia mtu: wiki tatu zilizopita ilikuja kadi ya polisi ya kuwaonya majirani, nami nikamdanganya Mama. Barua zote za nyumbani namsomea mimi, maana hajui kusoma Kiingereza. Nilisema ni tangazo la magodoro. Kadi ilisema jirani mpya wa jengo la nane aliwahi kufungwa kwa kumnajisi mtoto. Sikuweza kutamka hayo mbele ya Mama. Leo nimetoka shule nikakuta biskuti mezani.

Jumanne, 11 Septemba
Biskuti zimetoka kwa yule jirani. Mama alimpelekea sambusa, kama anavyomfanyia kila mgeni. Aliyebeba sahani ni mdogo wangu Furaha, miaka saba. "Mtu mwenye adabu," Mama anamsifu. "Hakurudisha sahani tupu." Anataka kesho Furaha apeleke maharage.

Jumatano, 12 Septemba
Nimesema. Kadi mkononi, macho sakafuni, neno kwa neno. Maharage yalikuwa bado jikoni.
"Vitabu vinene unamaliza, kadi ndogo ikakushinda?"
"Niliona haya, Mama."
"Na haya yako angeilipa nani? Huyu?"
Akamgeukia Furaha, akamuuliza polepole kama aliingia kwa jirani. Hakuingia ndani. Alipokelewa mlangoni tu. Mama akakaa chini. Najichukia.

Ijumaa, 14 Septemba
Maktaba. Nimesoma sheria ya mji wetu: mtu kama yeye asiishi ndani ya futi elfu moja kutoka shule, kwa mstari ulionyooka. Kwa gari, shule ya Furaha ni mzunguko mrefu. Lakini jengo la nane limepakana na ukuta wa shule. Nadhani polisi walipima kutoka lango la mbele la apatimenti zetu, maana majengo yote yana anwani hiyo moja. Nimechora ramani kwa rula. Mara mbili.

Jumatatu, 17 Septemba
Kituo cha polisi, pamoja na Mama. Ofisa akauliza ramani kachora nani. "Mwanangu," Mama akajibu kwa Kiingereza chake, kabla sijafungua hata mdomo. Alasiri ofisa alikuja kupima mwenyewe. Niko sahihi. Jirani amepewa muda wa kuhama. Najivunia. Naandika tena: najivunia.

Jumamosi, 6 Oktoba
Alihama jana. Alibeba masanduku peke yake. Sikushangilia. Furaha aliendesha baiskeli hadi ukutani na kurudi.
Leo nilikaa kwenye chumba cha kufulia nguo. Akina mama watatu wa hapa, wasiosoma Kiingereza kama Mama, walileta barua zao. Nilizisoma zote kwa sauti, bila kuruka neno.