Konzi ya Ulezi

Sekela wee, kwanza nikugombeze, halafu ndiyo nikusalimie. Mtu gani anaondoka bia ikiwa bado kwenye chupa, haijafunguliwa, haijaonjwa, halafu msala wote ananiachia mimi? Ungesubiri basi hata iive. Haya, kamwene, rafiki yangu. Huku Mlandege hatujambo, baridi imeanza, na kilabu changu bado kinapata wateja. Kile kiti chako cha pembeni nimekiondoa. Nilichoka kugombana na kila anayetaka kukikalia.

Nakuandikia kwa sababu bia yako ya mwisho nimeionja, na una haki ya kusikia nilichosema. Zamani ulikuwa unanipigia simu tu: "Njoo Igowole, leta huo mdomo wako." Nami nafunga kilabu, nakuja Mufindi na sweta mbili, naonja, nakutukana, tunacheka. Safari hii nimeonja bila wewe, mbele za watu, na haukuwa mchezo.

Walipokukuta umeanguka kwenye banda la kupikia, kikombe kilikuwa chini, karibu na mkono wako. Daktari alisema presha. Mimi sikuhitaji daktari, maana vidonge vyako ni mimi niliyekuwa nakukumbusha, na wewe unanijibu kwamba mama unaye mmoja anakutosha. Lakini watu, Sekela! Watu waliona kikombe. Hata kaburi halijafukiwa, maneno yalishafika stendi: bia yake ya kizungu ndiyo iliyomuua, kaionja mwenyewe, kaanguka palepale. Wengine wakaongeza kwamba zile pakiti za chachu ulizokuwa unatumiwa kutoka Ulaya hazikuwa chachu. Na ni walewale waliokunywa bia yako harusini wakacheza mpaka viatu vikakatika kamba. Niliumia, mwenzangu. Kufa umekufa, Mungu kapanga, siwezi kubishana naye. Lakini uende na jina la mtu aliyejipikia sumu? Hapana, hilo nililikataa.

Maana mimi najua ile bia ilikotoka. Nakumbuka ulivyorudi kutoka kule kambini kwa watalii, ulikokuwa unapika jikoni, ukaniambia umefundishwa kupika bia na yule mzee Mbelgiji, mgeni aliyekwama na mvua. Ulisema kwao kila kijiji kina bia yake, nikakwambia hata kwetu, tena ya kwetu haihitaji kizibo. Ukacheka. Ulikuwa tayari fundi wa komoni, pombe yetu ya mahindi na ulezi, Mnyakyusa mzima uliyekuja kuwafundisha Wahehe kunywa, halafu unaanza upya na shayiri kama mtoto wa chekechea! Ya kwanza ilinuka soksi. Nilikwambia. Ya pili ilipasua chupa tukajificha nyuma ya mlango. Hukukata tamaa.

Na ukanichagua mimi niwe wa kuionja. Mimi mtoto wa Ilula, niliyekulia kando ya barabara nikikimbiza mabasi na ndoo ya nyanya kichwani. Uliniambia mtu aliyezoea kunusa nyanya gizani na kujua ipi itaoza kesho, huyo ndiye unayemtaka. Ukanifundisha alivyokufundisha mzee: kwanza macho, halafu pua, halafu mdomo, halafu unameza na kungoja uone kinachobaki. Usiseme tamu, usiseme mbaya. Sema unachokiona.

Nami kila mara nilikuwa naona jambo lilelile. Ulezi. Mzee wa watu kakufundisha bia ya shayiri, yenye rangi ya shaba, yenye harufu ya mkate na machungwa, na wewe mwishoni unatia konzi ya kimea cha ulezi kama unapika komoni! Ukimeza, kitu kinakwaruza nyuma ya ulimi. Nilikwambia toa ulezi. Ukaniambia bila ulezi mikono yako haijui inapika nini. Tulibishana kwa hilo miaka yote, mpaka wateja wangu wakawa wanauliza, "Vipi, ulezi umetoka?" Na wewe ukibisha ulikuwa unashika kiuno, unageuza shingo upande. Huo mgeuko wa shingo ndio ninaoukumbuka kuliko uso wako, sijui kwa nini.

Mara ya mwisho ulipopiga simu ulisema, "Hii nimeshaifunga kwenye chupa. Safari hii utakosa la kusema." Nikakwambia tutaona. Hilo ndilo neno langu la mwisho kwako, tutaona. Ningejua, ningetafuta lingine.

Basi siku ya arobaini ilipokaribia nikaja Igowole kusaidia kupika. Kaka yako Ambakisye alikuwa amepanga zile kreti mlangoni pa stoo. Akasema wageni wakiondoka anamwaga zote chooni, hataki maneno zaidi. Nikamwambia, "Kaka, ukimwaga umeyakubali." Akaniuliza nani sasa atakunywa. Swali lake nililielewa, maana tunajua wote: huku kwetu mpishi wa pombe ndiye anayeonja kwanza, mbele ya mgeni, ndipo anapitisha kikombe. Hata mimi kilabuni, nikimpa mtu ulanzi bila kuutangulizia mdomo, atanikazia macho. Sasa mpishi ni wewe, na wewe uko pale juu chini ya miti. Nani aitangulizie mdomo kwa niaba yako?

Nikasema mimi.

Watu walikaa uani, ibada imekwisha, wali umeliwa. Mama yako alikuwa kwenye mkeka, na kile kitenge chake cha kanisani. Unamjua mama yako na pombe. Alivyokuwa akija kutoka Tukuyu kukutembelea, halafu anakaa mbali na banda, upande wa upepo, kashika leso puani anakuombea uache. Nilipotoka na chupa na glasi, wote wakanigeukia. Nilidhani ataondoka. Badala yake akaniita nikae mbele yake. Akaniambia, "Sema kweli, mwanangu. Usinifariji." Nikamtazama, nikaelewa kwamba hata yeye alikuwa anaogopa. Mama yako mzazi, Sekela, alikuwa hapati usingizi kwa kujiuliza kama mtoto wake alijiua kwa mikono yake.

Nikafungua. Ilitoa mlio mzuri, si ule wa kupasuka. Nikamimina polepole ukutani mwa glasi kama unavyotaka. Macho: shaba, imetulia, ukiishika juani ni chai ya rangi iliyokolea. Povu jeupe, zito, ila lilishuka mapema. Nilisema kwa sauti, povu limeshuka mapema, na kuna mtu nyuma akaguna. Pua: mkate uliotoka sasa hivi kwa moto, ganda la chungwa, na pilipili manga kwa mbali, ile inayoletwa na chachu yenyewe bila mtu kuitia. Nikasema hivyo pia. Halafu nikanywa.

Nikameza, nikangoja ulezi.

Nilikuwa nimeshajiandaa, Sekela. Matusi yalikuwa mdomoni tayari. Nilitaka kuwaambia watu, jamani, huyu mbishi kaweka tena ulezi wake, nilimwambia asiweke, ili wacheke, waone kwamba ni bia tu, bia ya Sekela yenye kasoro yake ileile. Nikangoja. Uchungu ulikuja taratibu, mkavu, safi, ukaondoka. Hakuna kilichokwaruza. Nikanywa tena. Hakuna. Uliutoa. Miaka yote hunisikilizi, halafu unanisikiliza mara moja tu, na hukukaa kuona sura yangu.

Nikakosa la kusema. Kama ulivyoahidi.

Sasa fikiria waliokuwa wananitazama. Nimekunywa mara mbili, nimenyamaza, machozi yananitoka. Mama mmoja akapiga kelele, "Mshikeni, anaanguka!" Ambakisye akanirukia akanikamata mabega, mwingine anaita maziwa, leteni maziwa, mwingine ameshaanza kuomba. Ningekuwa si mimi ningecheka. Nikamsukuma kaka yako nikasema, "Niache! Haina ulezi!" Wakatazamana. Nikarudia kwa mama yako, taratibu, kwamba haina ulezi, kwamba ameutoa kwa sababu nilimwambia. Mama akaniuliza, "Ni nzuri au ni mbaya?"

Hujawahi kunisikia nikisema nzuri. Hakuna mtu Igowole wala Mlandege aliyewahi kunisikia. Ndiyo maana niliposema, "Mama, ni nzuri. Ni nzuri kuliko zote alizopika. Povu tu," hakuna aliyebisha. Nilikaa palepale kwenye mkeka mpaka glasi ikaisha, wanione vizuri, nikiwa mzima na domo langu lote.

Kisha mama yako akanyoosha mkono. Nilidhani anataka kunishika. Alitaka glasi. Nikammiminia kidogo kabisa, kiasi cha dawa ya kikohozi. Akalowesha midomo, akakunja uso wote mpaka kitambaa kikashuka kichwani. "Chungu," akasema. Akafuta mdomo na ile leso yake. Halafu akampa Ambakisye kilichobaki: "Kunywa kazi ya dada yako." Kaka yako alikunywa amesimama, analia wazi, mwanaume mzima. Baada ya hapo kreti hazikufika jioni. Hata yule mama wa maziwa alirudi na kikombe chake mara mbili, nilimwona, nikamwacha.

Maneno stendi yamekwisha. Siku hizi wanauliza kama imebaki. Naona aibu kukwambia nimefurahi kiasi gani, maana furaha yenyewe haina wa kuipeleka. Nikishika simu kidole kinakwenda kwenye jina lako, halafu nakumbuka.

Jambo la mwisho, usicheke. Ambakisye amenipa ufunguo wa banda. Nimepika. Yule mzee wako ametuma chachu, alipopata habari alimpigia kaka yako. Nimefuata kila kitu ulichonionyesha, mpaka kuimba wakati wa kukoroga. Na mwishoni nilisimama na chungu cha kimea cha ulezi mkononi, muda mrefu. Nikatia konzi moja.

Juzi nimefungua ya kwanza. Sasa mpishi ni mimi, kwa hiyo ilinibidi nionje kabla ya wote. Rangi sawa. Harufu sawa. Nikameza, nikangoja, na pale nyuma ya ulimi kikakwaruza, palepale pa siku zote. Nikageuka nikufokee.

Nilikuwa sahihi, Sekela. Ulezi unaiharibu ile bia. Mbelgiji akiionja ataikataa, na mimi mwenyewe kama ningekuwa naihukumu ya mtu mwingine ningeitoa nje. Ile uliyoniachia ndiyo bia, iliyonyooka, isiyo na kasoro ila povu, na nimekusifia mbele za watu, na sifa hiyo siirudishi. Lakini nilipoinywa ile, sikukukuta humo ndani. Hii ya kukwaruza nimekukuta.

Lala, rafiki yangu. Mama yako nampigia kila Jumapili akitoka kanisani, anaulizia afya yangu, halafu kwa sauti ndogo anaulizia bia. Kaburi lako Ambakisye anataka kulisakafia, nimemwambia asubiri mvua ziishe. Na mimi nakuahidi kitu kimoja: kila nitakapopika nitatia hiyo konzi, na kila nitakapoionja nitaitukana, kwa sauti, humohumo bandani kwako. Ukichoka kunisikia, geuza shingo.