Viti Vinne vya Safu Moja

Jumatatu, 2 Septemba

Kimbelembele changu kimeanza tena. Jana baada ya ibada wazee wamekaa na chai yao, wanaulizana tiketi zitapatikanaje safari hii. Tonga na Samoa, raga ya wachezaji kumi na watatu, mechi ya kwanza ya mashindano, hapahapa Auckland. Mara nikasikia sauti inasema, niachieni mimi. Nikageuka nimwone huyo mpumbavu ni nani. Ni mimi!

Mechi ni Jumamosi, tarehe 26 Oktoba. Tiketi zinaanza kuuzwa Ijumaa hii saa nne asubuhi. Mara ya mwisho ziliisha chai haijapoa. Baba, ambaye magoti yake aliyaacha uwanjani tangu ujana, akanitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza. Akawaambia wenzake kwamba Lopeti anaijua mitambo. Mitambo! Mimi naendesha gari la kunyanyulia mizigo kwenye ghala la nyama. Kompyuta yangu ukichomoa waya inakata roho.

Mdomo uliponza kichwa. Na bado nina siku nne za kuponzeka.

Ijumaa, 6 Septemba

NIMEPATA!

Niandike kwa utaratibu. Kazini nilisingizia jino. Saa nne kamili nikaingia mtandaoni, nikaambiwa mbele yangu kuna watu elfu thelathini na nane. Nikapiga magoti sebuleni. Mke wangu Losa akapita na kapu la nguo, akauliza naomba au nimeanguka. Nikamwambia vyote viwili.

Saa tano kasoro robo — zamu yangu. Dakika nane za kuchagua. Viti vinawaka, vinazimika, watu wananinyang'anya huku natazama. Halafu nikaviona vinne. Vinne pamoja! Safu ya kumi na mbili, karibu na mstari wa kati, upande wetu mwekundu. Nikabonyeza, nikalipa, nikapiga kelele mpaka mbwa wa jirani akaitikia.

Vinne ni hivi: Baba, Shangazi Kalolaine anayekuja kutoka Tonga kwa ajili ya mechi hii tu, dada yangu Sulieti, na mimi. Losa hataki. Anasema wanaume wakigongana yeye ndiye anayeumwa kichwa.

Kufika mchana hakuna kiti hata kimoja kilichobaki. Redio yetu ya Kitonga imejaa watu wanaopiga simu kulalamika, mama mmoja alilia kabisa. Nimewasikiliza wote mpaka wa mwisho. Huruma sikuwa nayo. Nilijiongezea chai.

Jumapili, 8 Septemba

Mchungaji amenitaja leo madhabahuni. Kwa jina! Vijana wenye bidii kama Lopeti, akasema. Mimi kijana, miaka thelathini na sita na kitambi. Nilinyoosha shingo yote.

Mchana tulikuwa mezani, magimbi na nyama ya kopo ndani ya majani, tui la nazi limechuruzika vizuri. Losa akaomba aone zile tiketi kwenye simu. Akaziangalia. Akazikuza kwa vidole viwili. Nalijua jicho lile, lilikuwepo siku niliyonunua boti isiyo na injini.

"Hivi," akasema taratibu, "nani atakaa karibu na nani?"

Mungu wangu.

Vinne pamoja. Mtu mwingine yeyote duniani angeshukuru. Lakini Baba na Shangazi Kalolaine ni kaka na dada, tumbo moja. Tangu nizaliwe sijawaona wamekaa chumba kimoja kutazama kitu. Ugomvi hakuna, ni heshima. Kaka na dada hawakai bega kwa bega huku watu nyuma yao wanatukana na kutaniana mambo ya chumbani. Kila Shangazi akija kututembelea, Baba anatazama raga sebuleni na yeye anasikiliza jikoni kwa kiredio chake, mlango umefungwa. Tonga ikifunga, kelele mbili zinatoka pande mbili za ukuta. Nimekua nikidhani kila nyumba iko hivyo.

Mimi na Sulieti vilevile, ila sisi tumezaliwa huku, tutavumilia. Yeye atazame mbele, mimi nitazame mbele. Wazee je?

Nimekaa alasiri nzima na vizibo vinne vya soda. Baba, mimi, Shangazi, Sulieti. Shangazi, Sulieti, mimi, Baba. Vyovyote nitakavyovipanga ni safu moja, kicheko kimoja, tusi moja la mlevi wa safu ya kumi na tatu. Na nikimwambia Baba ukweli, najua jibu. Atampisha dada yake papo hapo na kubaki nyumbani. Shangazi naye nikimwambia, atafanya hivyohivyo. Mmoja wao hataiona mechi, na mkosaji ni yule kijana mwenye bidii.

Jumatano, 11 Septemba

Nimewapigia simu wauza tiketi. Binti mpole sana. Akauliza viti vina kasoro gani. Nikamwambia kasoro yake ni kwamba viko pamoja. Akauliza kama niko salama nyumbani.

Jumamosi, 19 Oktoba

Wiki tano sijaandika kwa sababu wiki tano sijafanya kitu. Nilikuwa natumaini tatizo litachoka lenyewe.

Mtaa wetu mzima wa Mangere umeshakuwa mwekundu. Bendera kwenye magari, kwenye nguzo, kwenye kitoto cha mbuzi cha jirani. Kanisani wanafunga na kuomba kwa ajili ya bega la nahodha. Kila mzee ninayekutana naye ananipa matokeo ya mechi kabla haijachezwa. Wa leo kasema tunashinda kwa ishirini, na akaniuliza kama nina tiketi ya ziada, nimkumbuke.

Nimempokea Shangazi Kalolaine uwanja wa ndege. Mabunda matatu ya mikeka, bendera moja, na kiredio. Ana miaka sabini na sita. Ndani ya gari akaniambia, anatazama nje dirishani, "Mwanangu, timu hii nimeisikia maisha yangu yote. Sijawahi kuiona." Nikamkaza mkanda wake wa kiti.

Halafu akauliza kaka yake atakaa wapi uwanjani. Nikasema upande mwingine kabisa, Shangazi. Baba aliniuliza swali hilohilo juzi, nikampa jibu hilohilo. Sasa nimewadanganya wazee wawili kwa bei ya mmoja.

Kufika nyumbani hajavua hata viatu, akalisifia lile sufuria jipya la umeme la kupikia wali. Kwetu shangazi akisifia kitu cha mpwa wake ni chake, hakuna mjadala. Losa akalifunga kwenye boksi huku anatabasamu kwa meno tu.

Jumatatu, 21 Oktoba

Kazini Ioane kaanza asubuhi na mapema. Ioane ni Msamoa, tunapakia nyama pamoja mwaka wa saba huu. Leo akauliza kama nimenunua leso za kutosha kwa Jumamosi, akaongeza kwamba timu yetu ni hodari kwa kucheza ngoma ya vita kabla ya mechi, ila vita yenyewe huwa inaanza baada ya ngoma. Siku nyingine ningemjibu. Leo nikakaa juu ya katoni ya mbavu za kondoo nikamwambia yote.

Hakucheka. Wasamoa nao dada ni dada. Akafikiri, akasema anayo tiketi moja, upande wa pili wa uwanja, katikati ya ukoo wake. Tubadilishane. Mzee mmoja aende kule, yeye aje kwenye safu yetu. Ila kuna sharti. Kiti kiko ubavuni kwa mama yake, na mama yake hakai na mtu mwenye nguo nyekundu. Atakayekwenda avae buluu.

Nikamwambia nimekubali kabla hajamaliza. Akauliza tu safu yetu itakuwa na nani. Nikamtajia mimi, mzee mmoja, na Sulieti.

"Sawa, shemeji," akasema, akarudi kwenye mizigo yake.

Nimefika nyumbani, navua soksi, ndipo neno lile limenifikia. Shemeji? Na siwezi kumuuliza Sulieti. Kaka hamuulizi dada mambo hayo. Nimevaa soksi tena sijui kwa nini.

Jumanne, 22 Oktoba

Sasa nani aende buluu?

Baba? Baba ambaye timu ya Samoa ikiingia uwanjani kwenye televisheni anakwenda kukagua kama bomba la bustani linavuja. Aketi na Wasamoa saa mbili nzima amevaa nguo zao?

Shangazi? Amevuka bahari aione timu yake, nimkalishe peke yake kwa wapinzani, na rangi yao mwilini? Mababu zangu watafufuka kwa ajili ya kunipiga makofi.

Nikamweleza Losa jikoni. Nikamwomba iwe siri mpaka niamue. Losa akasema kwa hiyo kiti ni kimoja, cha Wasamoa, na atakayekaa hapo avae buluu ili mwenzake akae na watu wake, ndivyo? Nikamwambia ndivyo, lakini ongea polepole. Losa hajawahi kunong'ona tangu nimwoe.

Nitaamua kesho.

Alhamisi, 24 Oktoba

Sijaamua.

Losa amekasirika. Shangazi kasifia kitambaa chake cha meza, kile cha buluu cha harusi yetu, kirefu. Kimeshaingia kwenye begi. Sufuria sawa, anasema Losa, lakini kitambaa cha harusi! Nikamwambia avumilie, Shangazi anaondoka Jumanne. Akaniuliza kama Jumanne kutakuwa na nyumba.

Jioni Ioane alipita kuleta jezi yake ndani ya mfuko, mimi nipo bafuni. Baba ndiye aliyempokea. Nikamuuliza Baba, Ioane amesemaje? Amesalimia, akasema Baba. Na mfuko? Baba ameshauweka kabatini kwake. Walikaa barazani karibu nusu saa, Losa ananiambia. Salamu za nusu saa! Sikuuliza zaidi. Mimi na kuuliza hatupatani wiki hii.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nimekwisha.

Asubuhi Baba ameniita nyuma ya banda. Akasema kesho nimpeleke yeye kwanza, saa tisa, atatoka mlango wa mbele, na nisimwambie Shangazi. Nikasema ndiyo, Baba.

Saa sita Shangazi ameniita kwenye kamba za nguo. Kesho nimpeleke yeye kwanza, saa tisa, atatoka mlango wa jikoni, na nisimwambie kaka yake. Nikasema ndiyo, Shangazi.

Saa tisa wote! Nina gari moja na uti wa mgongo sina.

Maana yake iko wazi. Wamekwisha kujua niliwadanganya, na hawataki hata kupanda gari moja nami nikiwa katikati. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia kwenye kamba za nguo. Kesho wakati wa chai nitakiri yote. Nitasimama, nitaomba radhi, nitasema wachague wenyewe. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Kwenye kioo nilikuwa hodari sana.

Jumamosi, 26 Oktoba

Sikukiri. Chai ilikuwa tamu, nikala mandazi saba.

Naandika ndani ya gari, daftari juu ya usukani. Saa tisa kasoro dakika tano. Nimeegesha kwenye kona ya nyumba, mahali pekee ninapoiona milango yote miwili. Kutoka mlango mmoja huuoni mwingine. Sulieti ameshatangulia kwa basi na wauguzi wenzake. Ioane kaniandikia kwamba amefika, ameketi, ameshamnunulia dada yangu soda. Barabarani honi haziishi, ngoma, mapipa, watoto juu ya magari. Tangu saa sita mchana wanaimba tu.

Mpango wangu ni nini? Sina mpango. Akitoka Baba, namwambia Baba. Akitoka Shangazi, namwambia Shangazi.

Mlango wa mbele umefunguka.

Baba. Fimbo mkononi, mkeka wa heshima ameufunga kiunoni kama desturi yetu, amenyoa ndevu. Na amevaa jezi ya Ioane. BULUU! Imembana tumboni mpaka namba inasomeka vibaya. Anatazama chini, anashuka ngazi moja moja na magoti yale. Baba yangu! Nusu saa barazani — sasa ndiyo nimeelewa.

Niteremke nimsaidie. Natera—

Mlango wa jikoni.

Shangazi Kalolaine. Kitambaa cha meza cha Losa amekifunga begani, kimeshuka juu ya gauni lake jekundu mpaka kwenye vifundo vya miguu, hakuna wekundu unaoonekana popote. Utepe wake mwekundu wa nywele ameutoa. Kumbe Jumanne alimsikia Losa jikoni! Kiredio amekishika kifuani kwa mikono miwili.

Losa yuko dirishani, kiganja mdomoni.

Hawajaonana. Kila mmoja ana hatua sita mpaka kwenye kona. Baba ananipungia mkono nifungue mlango wa gari upesi. Shangazi naye ananipungia mkono nifungue mlango wa gari upesi. Tiketi ya upande wa Samoa ninayo moja.