Mshahara Wetu na Wenu

Nyumbani,
Mtaa wa nyuma ya shule,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa kaka yangu,

Habari za ugenini? Na kile kikohozi cha baridi, kimekuacha? Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua, lakini ulimi ni mzima kabisa. Kila asubuhi anatupangia kazi sote, hata paka.

Ukirudi leo mtaa utakupotea. Wageni waliovuka mpaka baada ya ukame wamekuwa wengi. Shule iliyotaka kufungwa kwa kukosa watoto sasa darasa la kwanza limegawanywa mara mbili. Banda langu la chai, ambamo nilikuwa nikishinda napiga miayo, siku hizi birika haliondoki motoni. Lakini nisikufiche: kodi ya chumba imepanda, na foleni ya zahanati inaanzia barabarani. Wanaonung'unika wana sababu.

Nasi yalitufika. Shemeji yako alikuwa mwashi kwenye ghorofa linalojengwa karibu na kituo cha basi. Mwezi wa Januari mkandarasi akamwachisha kazi yeye na wenzake, akaweka wageni. Alirudi nyumbani akausukuma mwiko wake chini ya kitanda. Mtu mcheshi kama yule, kaka, hata Mama alipomtania hakucheka.

Mtaani maneno yakawa makali. Jumamosi moja alasiri vijana wakaja kumwambia wanakwenda kuwatupia wageni vitu vyao nje, aende nao. Akasimama. Nami nikaacha wateja na chai yao, nikawafuata. Sikujua nitafanya nini, ila nilijua nikibaki bandani sitajisamehe.

Aliyefungua mlango wa chumba chao ni fundi mmoja tunayemwita Mrefu, maana hata bandani kwangu huingia ameinama kama anayetafuta sindano. Nyuma yake niliona magodoro yametandikwa ukuta hadi ukuta, na wanaume wanaoyalalia kwa zamu. Nikadhani shemeji yako atamkunja shati. Badala yake akamuuliza analipwa kiasi gani kwa siku. Mrefu akataja.

"Hiyo ni nusu ya niliyokuwa nalipwa mimi," shemeji yako akasema.

Mrefu akamtazama. "Sisi tuliambiwa huo ndio mshahara wenu."

Vijana waliokuja na hasira hawakujua waiweke wapi mikono yao. Shemeji yako akaketi kizingitini, Mrefu akachuchumaa mbele yake, wakaanza kuulizana habari za kazi, mmoja mmoja, nani analipwa nini. Mimi nikarudi bandani, nikakuta chai imekauka na birika limeungua. Sikujali.

Siku ya kumwaga zege la ghorofa ya pili, kokoto na saruji zikiwa tayari, Mrefu na wenzake waliweka mabeleshi chini. Nyapara akatoka mbio kutafuta vibarua, akawakuta shemeji yako na wenzake wamesimama getini, nao wakakataa. Mkandarasi akatishia kuwaita watu wa uhamiaji. Hapo niliogopa, kwa kuwa vibali vya wengine vilikuwa bado havijatoka. Hakuna aliyeinua beleshi. Mkandarasi akashinda akizunguka gari lake, simu sikioni. Wiki haikuisha akakubali: mshahara mmoja kwa wote, na walioachishwa warudi kadiri nafasi zitakavyopatikana.

Si wote waliorudi, na seremala jirani yetu mpaka leo hamsalimii Mrefu. Kodi nayo haijashuka. Lakini hakuna tena anayezungumzia kutupa vitu vya mtu nje, na mwezi ujao wapangaji wote, wenyeji na wageni, tunakwenda kuonana na mwenye nyumba. Safari hii nitakwenda nimejiandaa kusema.

Kaka, sikuandikii haya kwa umbea tu. Ulinieleza kwenye simu kwamba huko ghalani unalipwa chini ya wenyeji, na kwamba unakula peke yako kwa kuwa hawakupendi. Huenda hawajui. Huenda wameambiwa ni wewe uliyeomba kulipwa hivyo. Kesho kaa karibu na mmoja wao, umuulize. Usiwaogope. Mimi nimewaona watu wenye hasira wakisimama mlangoni kwa mtu, na mmoja wao alikuwa mume wangu.

Mama anakusalimu, anasema uvae soksi. Shangazi hajambo, na mapacha wa dada wanauliza kama bado una ndevu. Shemeji yako anakusalimu sana, amerudi kazini. Mungu akulinde huko uliko, akupe watu wa kukaa nao.

Ni mimi nikupendaye, mbali au karibu,
Kitindamimba wenu.