Mkunga Aliyekatazwa Maji

Mabawa, Tanga
9 Februari 1986

Mwanangu Noa,

Salamu zako nimezipokea kinywani mwa mkeo, na mimi nakurudishia zangu na za nyumba nzima. Huku hatujambo. Magoti yangu tu ndiyo yenye malalamiko, na hayo umeyazoea. Wewe je? Kile kikohozi cha pamba za kiwandani kimekuacha?

Agnesi alifika Jumatano, miguu imemvimba, njia nzima amekalia gunia la mtu. Umefanya vizuri kumleta azalie kwangu. Mnasema huko Dar maduka yameanza kujaa, ila mwavitazama vitu kwa macho tu. Huku angalau kuna muhogo, kuna dagaa, na kuna mimi. Mtoto amekaa vizuri tumboni, lakini mama mtu damu yake haba. Namlisha mchicha hata ananikimbia. Jirani yetu Saleha naye haishi kuleta uji, anasema mjukuu ni wa mtaa mzima, nisimfanye wangu peke yangu.

Vitu vyote tayari. Wembe mpya ninao, uzi nimeuchemsha, na kile kibakuli changu cheupe nimekisugua kwa majivu, maana kipande cha sabuni nilichopata ni cha mtoto. Kibakuli unakijua. Ndicho ninachobatizia vichanga wanaokuja kuaga tu. Mungu apishe mbali, lakini mkunga hawezi kungoja padre apande baiskeli. Masista ndivyo walivyotufundisha kazi, na hakuna aliyenifia mikononi akaondoka bila jina.

Nangoja mume au mke mwenza, yeyote atakayekuja.

Mama yako


Chang'ombe, Dar es Salaam
20 Februari 1986

Mama mpendwa,

Shikamoo. Ahsante kwa kumpokea Agnesi. Mimi ni mzima, kikohozi kinakuja na kuondoka. Kiwandani umeme unakatika kila mara, mashine zinanyamaza, na mafundi tunakaa tu. Hapo ndipo ninapopata nafasi ya kusoma.

Nilikudokezea habari za kikundi chetu, vijana tunaosoma mafundisho ya Kikalvini, ya wale Waprotestanti wa kale. Vitabu vyenyewe vilikuja ndani ya marobota ya mitumba, vimefungwa katikati ya makoti! Mama, tangu baba afe sijapata usingizi mtamu kama wa siku hizi. Nimejua kwamba Mungu aliwachagua walio wake kabla dunia haijawa dunia. Hakuwachagua kwa wema wao, na kwa hiyo hawawezi kumponyoka kwa ubaya wao.

Ndiyo maana nakuomba jambo moja, usikasirike. Kibakuli kile kiweke kabatini. Mtoto wa waaminio ni wa Mungu tangu tumboni. Ubatizo ni wa kanisani, mbele ya watu, kwa mkono wa mchungaji. Mkunga kumwagia mtoto maji kwa hofu ni kusema Mungu atamsahau kwa kukosa tone la maji. Mungu wetu si msahaulifu hivyo.

Mwanao


Mabawa, Tanga
2 Machi 1986

Noa,

Hatujambo.

Ala! Nimekuzaa, nimekuosha mavi, leo wanifundisha mjukuu wangu ni wa nani? Nimemsomea Saleha barua yako, akacheka, akasema, "Beatrisi, mwanao amekuwa shehe." Mimi sikucheka. Wewe ulitoka kitovu kimekuzunguka shingoni, rangi yako kama wino. Sista alikubatiza kwenye beseni kabla hujalia. Basi na beseni lile lilikuwa la hofu?

Na nikuulize. Yule kichanga wa seremala, niliyembatiza mwaka juzi akiwa anakata roho, baba yake mlevi, hajui kanisa liko upande gani. Huyo alichaguliwa, au nilimwagia maji jiwe? Nijibu polepole, kama unavyomjibu mtu mzima. Mimi si adui wa vitabu vyako. Naogopa tu.

Agnesi anakusalimu. Mtoto anapiga mateke.

Mama yako


Chang'ombe, Dar es Salaam
15 Machi 1986

Mama,

Shikamoo, na nisamehe kama maneno yangu yalikuwa makavu. Natumaini magoti yamepata nafuu.

Kuhusu mtoto wa seremala, sijui. Si letu kujua. Lakini wa kwetu namjua. Mama, kabla kucha zake hazijaota alikuwa amekwisha kuitwa kwa jina ambalo mimi na wewe hatulijui. Akija kwetu kwa miaka themanini au asubuhi moja tu, hatakuwa wetu zaidi wala wa Mungu pungufu. Ahadi aliyotupa sisi wazazi ni yake na yeye. Atakuwa ameshikwa na mkono usiochoka, wenye nguvu kuliko wangu, kuliko hata wako uliotushika wote.

Ukimmwagia maji, utakuwa umewaambia Agnesi na mimi kwamba ahadi hiyo haitoshi. Basi nasema kama baba wa mtoto: usimbatize. Agnesi naye nimemwandikia, anajua.

Mwanao


Mabawa
11 Aprili 1986

Noa,

Barua hii nampa dereva wa basi. Mtoto alizaliwa leo alfajiri, wa kike. Akaondoka wakati wa adhana ya adhuhuri. Agnesi yu hai. Njoo, mwanangu.

Mama


Chang'ombe, Dar es Salaam
3 Juni 1986

Mama yangu,

Shikamoo. Sijui nikuulize nini kuhusu afya yako, maana nimetoka kwako na nilikuona ulivyo. Agnesi ameanza kula? Maziwa yamekauka?

Nilifika wanawake wameshamzika, kama ilivyo desturi kwa kichanga. Nikasimama ukumbini nikawahubiria watu. Walistaajabu sikulia. Wewe ulikaa mkekani umeinamisha kichwa, hukuniambia kitu, na mimi sikukuuliza. Nilidhani sina haja ya kuuliza.

Sasa ninayo. Umeme ukikatika kiwandani, mashine zikinyamaza, namsikia mtoto. Mwanzo nilidhani ni paka nyuma ya ghala. Nimewauliza wenzangu, hawasikii kitu. Ni kilio kidogo, kinakatika, kinaanza. Sijapata kuisikia sauti ya mwanangu, lakini najua kuwa ni yeye. Kikundini nimeacha kuongoza. Wananiambia nisimame imara, na mimi najiuliza: ahadi ni kwa watoto wa wateule. Na kama mimi si mmoja wao? Nani aliniambia kuwa mimi ni mmoja wao? Nilijiambia mwenyewe!

Mama, nitakwambia lililo moyoni. Nilikukataza nikijua hunisikilizi. Lini ulinisikiliza? Uliponijibu kwa hasira nilifurahi, nikasema, huyu atafanya tu lake. Nilitegemea ukaidi wako. Mimi nisimamie maneno yangu, na wewe ummwagie maji mwanangu.

Niambie ulimbatiza. Sitakasirika. Niambie ulimpa jina gani.

Mwanao


Mabawa, Tanga
14 Juni 1986

Mwanangu Noa,

Pole, baba. Agnesi anakula kidogo. Maziwa yalichelewa kukauka. Alikuwa akiyakamua uani akilia, na mimi nikilia jikoni, kila mtu anajifanya hamsikii mwenzake.

Sikumbatiza.

Ile barua yako ya pili, ya mkono usiochoka, niliiweka chini ya mto nikaisoma mpaka ikalainika. Nikasema, mwanangu ameona kitu. Siku ile nilipoona midomo ya mtoto inageuka rangi nilichota maji, yakawa kiganjani. Agnesi akanishika mkono, hana nguvu ya kuinua kichwa, akasema, "Mama, Noa amekataa." Nikamtazama mtoto. Nikayamwaga sakafuni. Umri wangu wote sijapata kukutii, nikakutii siku ile.

Saleha alikuwapo. Aliniambia, "Usilie, huyo ni ndege wa peponi." Alisema hivi hivi, kama mtu anayetaja bei ya nazi, hakuna shaka yoyote usoni. Nilimwonea wivu. Padre aliniuliza jina amwombee, nikakosa la kumpa. Siku hizi nikinawa mikono nasita. Wanawake wananiita kuzalisha, nasingizia magoti.

Ningeweza kukuandikia kuwa nilimbatiza, ukalala. Lakini kwa mtoto huyu siwezi kusema uongo. Hana kitu kingine duniani ila ukweli wake.

Sasa nisikilize. Hana maji, hana jina, hana misa. Alicho nacho ni yale maneno yako. Kwa maneno hayo yuko salama kwa kuwa wewe baba yake ni wa Mungu. Basi usitoke hapo, Noa. Ulinitoa kwangu ukanileta kwako, nikaja na mjukuu wangu mkononi. Ukitoka wewe, sisi tutabaki na nani?

Mama yako


Mabawa, Tanga
20 Julai 1986

Mwanangu,

Hujambo? Barua yangu ya mwezi uliopita najua imefika, dereva alikukabidhi mkononi, anasema uliisoma umesimama pale pale stendi, ukaikunja, ukaondoka bila kumuaga.

Agnesi anarudi kwako Jumanne. Mpokee vizuri. Usimuulize habari za mkono alionishika, alifanya ulivyomwambia.

Jana alikufa kichanga mwingine hapa mtaani. Waliniita nikaenda. Nilipofika nilishindwa kuomba maji, na nilishindwa kutoyaomba. Nikasimama mlangoni kama mgeni mpaka mtoto akaondoka. Sitarudia, nimeacha kazi.

Nijibu jambo moja tu, Noa. Bado unaamini mtoto ameshikwa? Mimi sikukudanganya uliponiomba. Lakini wewe, kama huamini tena, nidanganye.

Mama yako