Ya Mwaka Jana Tumekula

Kibomet,
Kitale.
Februari 21, 2025

Mpendwa mjukuu wangu Viola,

Krismasi mbili. Krismasi mbili nimechinja jogoo, nimeweka kiti chako pale karibu na mlango unapopenda, na aliyekikalia ni paka. Hata waliokwenda Uarabuni hurudi. Wewe uko Garissa tu, ndani ya Kenya hii hii, unatutumia salamu kama mtu anayewarushia kuku mahindi huku akitazama kando. Ni aibu, na nimekuambia.

Sasa, hujambo? Unalala vizuri? Hao wagonjwa unaowauguza wanakuachia nafasi ya kula? Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, ambayo siku hizi hujua mvua kabla ya redio. Asubuhi ukungu unashuka kutoka Elgon mpaka ng'ombe wa jirani anaonekana kichwa peke yake, kinaelea. Saa hiyo huwa sijui kama nimeamka ama bado.

Anayeandika ni Peris, jirani yangu wa maombi, maana unajua mimi na kalamu hatujawahi kusalimiana. Nimemwambia asilainishe neno hata moja. Lile la "aibu" aliliandika baada ya kuambiwa mara mbili.

Majuzi nilikuwa uani napepeta maharagwe, jua likanipumbaza, nikasinzia na ungo mapajani. Nikamwona babu yako Jairus. Alikuwa anapita katikati ya mahindi, hana viatu, na mahindi yenyewe hayakutoa sauti. Wewe unajua mahindi yaliyokomaa huongea mtu akipita. Haya yalimnyamazia. Alikuwa na pakiti ya mbegu kwapani. Nikamwita. Akageuka, akaniuliza, "Viola amesema lake?" Halafu ukungu ukamchukua. Nilipofungua macho kuku walikuwa wamemwaga maharagwe yote.

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, mume wako Kipkosgei akaja. Alikaa, akakataa chai. Mtoto wa Kalenjin akikataa chai ya maziwa, jua kuna jambo. Akatoa simu akanionyesha video ya harusi yenu. Wewe na gauni lako, mimi nyuma yako napiga vigelegele kama mtu aliyemwagiwa maji. Nikamuuliza huwa anaitazama mara ngapi. Akasema kila Jumapili.

Ndipo akasema lililomleta. Shamba lenu la Moi's Bridge limelimwa mara moja, halijapigwa haro kuvunja mabonge. Anataka kulikodisha mwaka huu aende Nairobi kutafuta kazi, na akienda hajui kama atarudi. "Kukhu," akaniambia, ananiita bibi kwa lugha yetu kama wewe, "mtu hupanda akiwa na wa kumwonyesha." Ati kwa simu siku hizi mnaulizana kama mmekula, mnajibizana mmekula, basi.

Nilimtazama machoni nikamuuliza kama amewahi kukuinulia mkono, ama kama kuna mwanamke mwingine. Wewe pia nilikuuliza, unakumbuka, na mlinijibu sawasawa: hapana. Ingekuwa ni ngumi nisingepoteza karatasi ya Peris. Ningekuja na lori, nipakie vitu vyako mpaka ufagio. Lakini wewe uliniambia ni kimya tu, na kwamba mapenzi yameisha.

Yameisha, ndiyo. Si mliyala?

Tulipotoka Bungoma kuja kulima huku, mimi na babu yako tulikuwa vijana, tumefunga ndoa kanisani juzi tu. Mwaka wa kwanza Jairus alinunua mbegu ya haibridi, ile iliyopakwa dawa ya rangi. Tulivuna mahindi manene kama mkono wa mtoto aliyeshiba. Sasa kwetu mama yangu hakuwahi kununua mbegu maisha yake yote. Alichagua mahindi mazuri, akayaning'iniza juu ya moto, moshi ukayalinda na wadudu mpaka mvua. Nami nikafanya vivyo hivyo. Jairus akasema tununue tena. Nikamcheka mbele ya ndugu zake: ni mtu gani ana mbegu juu ya kichwa chake na anaenda kununua nyingine?

Nani alikuwa ametuambia kwamba haibridi haizai mara ya pili kama mara ya kwanza? Tulipanda. Mengine yakarefuka kama nguzo za stima, mengine yakanifika gotini, na punje zikawa chache kama meno yangu ya leo.

Babu yako hakunipiga. Alinyamaza. Alinyamaza tangu palizi hadi mavuno, na siku ya mavuno akafungua mdomo. "Haya mahindi ni kama wewe, Nekoye. Yalinidanganya mwaka mmoja." Nikachukua kikapu changu nikarudi Bungoma.

Mama alinipa ugali na mboga, hakuniuliza kitu. Miezi ikapita. Mawingu yalipoanza kukusanyika, siku moja mchana nikaona baiskeli, na juu yake mtu wa vumbi mpaka kope. Ndugu zangu wakamuuliza kama amekuja kuongeza ng'ombe wa mahari. Alifungua kamba kwenye kiti cha nyuma, akatoa pakiti ya mbegu, mpya.

"Sijaifungua," akasema. "Neno nililokuambia lilikuwa baya. Hilo ni langu, nimelisema."

Akangoja. Nami nikasema langu, kwamba nilimcheka mbele ya ndugu zake. Mjukuu wangu, ilikuwa kama kung'oa jino kwa kidole. Tukapiga magoti pale pale uani, mbuzi wanatupita. Na Jairus, ambaye kanisani alikuwa akilala mahubiri yote, akaomba: "Bwana, ya mwaka jana tumekula. Tupe ya mwaka huu." Akasema amina. Sijasikia maombi marefu kuliko hayo.

Tangu siku hiyo, kila mwaka kabla ya kupanda, pakiti ilikaa katikati ya meza. Haikufunguliwa mpaka kila mmoja amesema kosa lake. Lake, si la mwenzake. La mwenzake hata mlevi hulijua. Kisha maombi yale yale. Kuna mwaka tulikaa siku nne, mvua inanyesha, majirani wamemaliza, pakiti inatutazama tu. Siku ya tano nililisema langu kwa hasira, lakini nililisema.

Akina mama wa kanisa huniuliza siri ya ndoa, wanangoja neno tamu. Mhubiri alitusomea kwamba mana ya jangwani ikilala ilitoa mabuu. Nilimgusa babu yako kwa kiwiko, tukacheka kama watoto. Mungu hakupi cha kuning'iniza juu ya moto. Anakupa cha leo, na kesho unarudi kwa magoti. Harusi yenu ilikuwa nzuri, nilicheza mpaka kiatu kikakatika. Lakini mliivuna, mkaila. Mume wako anaipanda tena kila Jumapili kwenye simu, na wewe huko unalia kwamba haioti.

Kuna jambo sijamwambia mtu, hata Peris ndiyo kwanza analisikia sasa. Pakiti ya mwisho Jairus aliinunua Februari kama hii. Akaiweka mezani, akasema lake jioni hiyo hiyo. Mimi nilikuwa na langu, nikajifanya nina shughuli. Nikasema kesho. Alikufa kabla ya mvua. Pakiti iko kabatini, haijafunguliwa. Mbegu yake imeshakufa, nayo sitaitupa.

Kipkosgei nimemwambia asikodishe shamba mpaka Machi iishe. Alikubali. Akanywa chai vikombe viwili.

Mama yako Emmy anakusalimu, na kikohozi kimemwacha. Mama mkwe wako Chelagat anasema mursik, ile ya maziwa ya kibuyu, aliyokuwekea imeiva, ikanywewa, akaweka nyingine, nayo imeiva. Peris anakusalimu, anafuta machozi, anaharibu karatasi. Mungu wa babu yako akushike huko kwenye jua, na akunyeshee kwa kipimo chako.

Sasa sikiliza njia. Ukija, na uje kabla ya Machi kwisha, usianzie kwangu. Shuka Moi's Bridge. Nunua pakiti moja ya mbegu, ya kilo mbili inatosha, usiifungue. Iweke mezani kwenu na useme lako kwanza. Naye mume wako nimemwambia aseme lake kwanza. Mkigongana midomo ni sawa. Kwangu mje siku ya tatu, wote wawili, na udongo kwenye kucha. Mkija na mikono safi, sifungui mlango.

Ni mimi ninayekupenda hata nikikugombeza,
Kukhu wako, Nekoye