Punda wa Baba Eliaichi

Baba Eliaichi,

Ndizi zimo sufuriani. Ng'ombe mpe majani ya migomba, nimeshayakata. Sukari usitafute, mmeimaliza asubuhi wewe na fundi Gurmit. Magongo yako yapo nyuma ya mlango.

Tangu miguu ikukatae, nimekuwa nikiisukuma hiyo baiskeli yako ya magurudumu matatu kupanda mlima hadi kanisani. Ulipoanza kuifungia mnyororo na pedeli za mkono, nikakushikia taa. Leo imekamilika, ukamwambia Gurmit nikiwa nawamiminia chai, "Sasa punda wa kunisukuma simhitaji." Mkacheka.

~~Nitarudi Jumapili.~~

Breki zinakamata vizuri, nimezijaribu. Punda amekwenda kwao Holili, na gurudumu la mbele amelibeba.

Mama Eliaichi