Nafasi Moja Baada ya Jina la Mtaa

Chumba cha Kompyuta,
Kituo cha Magari ya Wagonjwa,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zetu. Je, kile kifua chako kimetulia? Shemeji na Kibonge hawajambo? Sisi tunapumua. Mama anakula kidogo, na mpaka jana alikuwa hasemi kitu.

Nilikuambia kwenye simu kwamba gari la wagonjwa lilichelewa kumfikia Baba. Sasa najua kwa nini, na sikutaka usikie kwa mtu mwingine.

Mama alitaja mtaa vizuri kabisa. Nimesikiliza sauti yake kwenye rekodi. Mpokea simu aliandika jina, kidole kikagusa kitufe cha nafasi mwishoni. Kwa macho huoni kitu. Lakini programu yetu ya kituoni, iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo C na fundi aliyekwisha kuhama, hulinganisha jina na orodha ya mitaa herufi kwa herufi, na kwake nafasi tupu nayo ni herufi. Ikajibu: mtaa haupo. Mama akaulizwa tena, akarudia; mpokea simu akaona jina ni lilelile, hakulifuta, na ile nafasi ikabaki palepale. Mwishowe dereva akaondoka kwa kukisia. Alimkuta Baba ameshakata roho.

Nimeirekebisha. Sasa inaanzia mwisho wa neno, inarudi nyuma ikiruka nafasi tupu mpaka ikutane na herufi, halafu inaweka hapo alama ya sifuri, ambayo kwa C ndiyo mwisho wa neno. Za mwanzoni nazo inaziruka. Ni kazi ya kumaliza kabla chai haijapoa. Hilo ndilo linaloniuma.

Mkuu wa kituo alitaka niandike kwenye ripoti kwamba mpiga simu alikosea jina.

"Huyo mpiga simu ni mama yangu," nikamwambia.

"Ndiyo maana nakuomba kwa upole."

Niliandika ukweli. Kesho ananiita ofisini. Nadhani kibarua kimeota nyasi.

Jana Mama alifungua mdomo. "Ulimi wangu ndio uliomuua baba yenu. Nilibabaika."

Nikamweleza yote. Habari za kompyuta hakuziuliza. "Kwa hiyo nilitaja sawa?"

"Ulitaja sawa, Mama. Mara zote mbili."

Akageukia ukutani, akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Asubuhi hii ameniuliza tena.

Mpigie, Kaka. Mwambie na wewe kwamba alitaja sawa. Mimi bado hajaniamini.

Shemeji mpe pole zetu, na Kibonge mkumbatie kwa niaba ya bibi yake. Mungu awafunike huko mliko, na Baba amlaze pema.

Mdogo wako akupendaye kama zamani,
Kitindamimba